Saa ya babu ina jina la duka la Mombasa: ni ya nani, ni ya lini, na ni ya bei gani?

Mshauri,

Asalamu alaikum. Nakuandikia kutoka Kibokoni, hapa Mji wa Kale. Marehemu baba alituacha mwaka jana, na tulipofungua sanduku lake tulikuta saa ya mfukoni imefungwa katika kitambaa cha kilemba. Ilikuwa ya babu yangu, na bibi anasema babu naye aliirithi kwa babake. Haina kifuniko cha mbele. Uso wake ni mweupe kama kikombe cha kahawa, una namba za Kirumi na kiduara kidogo cha sekunde upande wa chini. Juu pana jina la duka, jina la Kihindi, na chini yake pameandikwa "Mombasa, B.E.A." Duka lenyewe hakuna mtu mtaani anayelikumbuka.

Nyuma kuna vifuniko viwili. Ndani ya kile cha kwanza mna vinyama vitatu vidogo, namba 0.935, na mikwaruzo mingi kama maandishi ya Kihindi. Cha pili kimechorwa maneno "Remontoir, Ancre, 15 Rubis".

Niliipeleka kwa sonara. Akaitia kwenye mizani, ikawa gramu 96. Akasema vinyama vile ni simba wa Uingereza, Remontoir ndiyo kampuni, naye atanipa shilingi 3,500 kwa fedha iliyomo. Kaka yangu akaweka picha mtandaoni, akatokea mtu anayesema yuko London na atatoa laki nane, ila kwanza tumtumie shilingi 6,000 za bima kwa M-Pesa. Kaka anataka tutume. Mama analia, hataki iuzwe kabisa. Saa yenyewe ukiitia ufunguo hutembea kidogo ikasimama, na kichwa chake huteleza ukitaka kusogeza akrabu. Bibi anasema babu alikuwa akiirekebisha kila magharibi, adhana ikianza.

Nimsikilize nani? Na je, niisafishe kwanza ili ionekane vizuri?

Mjukuu, Kibokoni

*

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mungu amrehemu babako na awape subira.

Nianze na yasiyongoja. Usitume zile shilingi 6,000, na umzuie kaka yako asizitume. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Anayetaja laki nane kwa saa ambayo hajaona ndani yake, kisha akaomba kidogo kwanza, anazitaka hizo kidogo tu. Ukituma 6,000 za bima, kesho kutakuwa na 15,000 za forodha. Na saa usiisafishe: si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa jivu. Zile chapa ndogo ulizoziona ndani ndizo cheti chake cha kuzaliwa, na kila ukisugua unafuta herufi. Weusi wa fedha hauiharibu.

Sasa tuje kwenye jina, kwa sababu hapo ndipo sonara alipopotea njia.

Jina lililo usoni mwa saa ya zamani mara nyingi si la aliyeitengeneza. Ni la aliyeiuza. Mwenye duka aliagiza saa kutoka Uswisi, na kiwandani wakamwandikia jina lake na la mji wake kwenye uso kabla ya kuzisafirisha. Maduka makubwa ya London yalifanya hivyo, ya Bombay yalifanya hivyo, na maduka ya hapa kwetu pia. Kwa hivyo ukimwuliza mtu "saa hii ni kampuni gani?" ukamsomea jina la duka, humpi jambo la kumsaidia. Ni sawa na kuuliza nani aliyefuma kanga kwa kutaja duka la Biashara Street ulikoinunua.

Na Remontoir si mtu wala kampuni. Ni neno la Kifaransa, maana yake saa hii hujazwa kwa kuzungusha kichwa chake, haihitaji ule ufunguo mdogo wa kuchomeka uliotumika kwenye saa za kale zaidi. Ancre ni nanga, jina la aina ya mtambo unaoachia meno ya gurudumu moja moja. Ni mtambo mzuri, bora kuliko ule ulioandikwa "Cylindre" kwenye saa za bei ya chini za wakati ule. 15 Rubis ni vijiwe kumi na vitano vya yakuti, vidogo kama punje ya ulezi, vinavyoshika ncha za magurudumu yasilike. Vijiwe kumi na vitano ni hesabu ya heshima. Babu wa babako hakuuziwa takataka.

Vinyama vile si simba, ni dubu. Simba wa alama ya Uingereza yuko peke yake, anatembea ameinua mguu mmoja wa mbele, na pembeni yake huwa pana alama ya mji, kama kichwa cha chui cha London au nanga ya Birmingham, pamoja na herufi ya mwaka. Hukuniandikia kwamba umeona lolote la hayo. Dubu ni chapa ya serikali ya Uswisi kwenye fedha, na dubu watatu pamoja na 0.935 ni chapa iliyokuja baada ya Uingereza kupitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, ikawalazimu Waswisi kuinua kiwango cha fedha yao kwa ajili ya masoko ya Kiingereza. 0.935 maana yake katika kila gramu 1,000 za kasha, gramu 935 ni fedha tupu. Hiyo ni juu hata ya kiwango cha Uingereza chenyewe, ambacho ni 0.925.

Basi tumepata ukingo mmoja: kasha hili si la kabla ya mwisho wa 1887. Ukingo wa pili umeandikwa usoni. B.E.A. ni British East Africa, jina walilotumia Waingereza kwa nchi hii kabla haijawa Koloni la Kenya mwaka 1920. Mwenye duka asingeagiza uso wenye jina hilo baada ya nchi kubadilishwa jina. Ndani ya kingo hizo mbili, mimi naegemea upande wa baada ya 1896, mwaka ambao reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka hapa Mombasa. Reli ilileta makarani, wakandarasi, mabaharia na wafanyabiashara wenye kuhitaji saa, na ikaleta maduka yenye mtaji wa kuagiza saa zenye jina lao. Kuna na jambo jingine dogo. Kuanzia tarehe 1 Juni 1907, saa ya kigeni iliyoingia kuuzwa Uingereza ilibidi kasha lake lipigwe chapa ya Kiingereza ya bidhaa za nje. Yako haina. Ama ni ya kabla ya hapo, ama haikupita Uingereza kabisa, ilitoka Uswisi ikaja moja kwa moja huku. Yote mawili yanapatana na duka la Mombasa.

Aliyetengeneza mtambo ni nani basi? Jibu, kama lipo, liko mahali ambapo hujapaona: chini ya uso. Viwanda vingi vya Uswisi vilipiga nembo yao ndogo kwenye bamba la mtambo, upande unaofunikwa na uso, ili mwenye duka abaki na jina lake peke yake kwa mteja. Kuiona kunataka fundi saa aliyezoea mitambo, si yule wa kubadilisha betri. Atalegeza skurubu ndogo zilizo ukingoni mwa mtambo, atoe akrabu, ainue uso. Kaa naye. Piga picha kila hatua. Mwambie mapema kwamba kila kipande atakachobadilisha, cha zamani unakitaka mkononi. Na usichanganye namba: kasha lina namba yake na mtambo una yake, nazo mara nyingi hazifanani. Nembo ikijulikana ni ya kiwanda gani, namba ya mtambo ndiyo ya kutafutia mwaka.

Wakati fundi ameshika lenzi, mwombe akuonyeshe lile jina la duka kwa karibu. Hili nataka ulione kwa jicho lako. Uso huo mweupe ni unga wa kioo uliochomwa juu ya shaba, na maandishi yake yamechomwa pamoja nao. Baada ya miaka mia huwa na nyufa nyembamba kama unywele. Tafuta ufa unaopita kwenye jina. Ikiwa ufa umekata herufi, herufi ilikuwapo kabla ya ufa. Ikiwa wino umeingia ndani ya ufa na kuujaza, mtu aliandika jina baadaye ili saa ipande bei. Tazama pia weusi wa jina na weusi wa namba za Kirumi, kama ni weusi mmoja. Kwa saa iliyolala sandukuni mwa familia moja sitarajii udanganyifu, lakini mnunuzi atauliza, na ni vizuri uwe na jibu.

Kuhusu kusimama kwake: watu husema saa kama hiyo "imejazwa kupita kiasi". Mara nyingi si hivyo. Mafuta yamekauka yakawa gundi, na kwa hewa yetu ya chumvi huenda kamani, ile springi inayoiendesha saa, imeshika kutu. Usiendelee kuijaza, kwa sababu kamani kavu ikikatika huweza kung'oa meno ya gurudumu. Kichwa kinachoteleza nacho kina maelezo, na bibi yako ndiye aliyeyatoa. Babu alikuwa akihesabu saa tangu kuchwa kwa jua, kama wazee wengi wa mwambao: jua likizama, akrabu zote mbili juu, saa kumi na mbili. Hapa petu machweo hayasogei sana kati ya mwezi na mwezi, kwa hivyo ilikuwa dakika moja mbili tu kila jioni, lakini kila jioni, miaka nenda miaka rudi. Kidude cha chuma kinachoshika meno ya kurekebishia akrabu lazima kilike. Fundi akikuambia "hii imechakaa, tutoe tuweke nyingine", mwambie afanye kama ni lazima, ila kile kilicholika akupe. Ni kazi ya mkono wa babu yako hiyo.

Mikwaruzo ndani ya kifuniko ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Mafundi saa wa zamani walikuwa wakikwaruza kwa sindano tarehe au namba ya kazi kila saa ilipoletwa kutengenezwa. Hapa Mombasa mafundi wengi walikuwa Wahindi, na ukiona maandishi "kama ya Kihindi" basi huenda ni tarakimu za Kigujarati. Tafuta mzee anayesoma Kigujarati, hawakosekani Mji wa Kale, umwonyeshe picha iliyokuzwa.

Sasa bei. Sonara si lazima awe mwizi, amepima alichokijua. Lakini alipima saa nzima, na ndani ya gramu 96 mna mtambo wa shaba na chuma, kioo na uso. Fedha ni kasha tu. Hata kile kifuniko cha ndani kiangalie: kama hakina chapa ya 0.935 chake peke yake, huenda si fedha, kwani viwanda vilipenda kubana hapo. Tuseme kasha likitolewa peke yake liwe gramu 50. Zidisha kwa 0.935, unapata gramu 46.75 za fedha tupu. Uliza bei ya gramu ya fedha siku hiyo, zidisha, nayo ndiyo sakafu: chini ya hapo mtu anakunyonya. Ni sakafu, si bei.

Bei ya saa kama saa ni jambo jingine. Saa ya mfukoni ya fedha kutoka Uswisi ya miaka ile, iliyo wazi mbele, isiyo na jina la kiwanda kikubwa, si adimu. Minadani Uingereza nyingi huenda kwa makumi ya pauni, nzuri zaidi zikavuka mia. Laki nane ni ndoto. Yako inatofautiana nazo kwa neno moja, Mombasa. Anayekusanya vitu vya Afrika Mashariki ataitaka kuliko saa kumi zilizoandikwa London, na akitokea wa pili anayeitaka vilevile, bei itapanda. Ndiyo maana saa hii ni ya kuuzwa mnadani, ikiwa itauzwa, si kwa mtu mmoja kwenye simu. Ukitafuta mfano wa bei, tazama saa zilizokwisha kuuzwa, usitazame wanazotangaza. Kutangaza mtu hutangaza atakacho.

Na neno hilo moja linapata nguvu likiwa na ushahidi. Gazeti rasmi la serikali lilianza kutolewa mwaka 1899, na gazeti la African Standard lilianzishwa hapa Mombasa na A. M. Jeevanjee mwaka 1902, nalo lilichapisha matangazo ya biashara. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Nairobi ni mahali pa kulitafuta jina la duka hilo. Ukipata tangazo lao, au hata mstari mmoja wenye jina na mtaa, piga picha uiweke pamoja na saa. Andika na maneno ya bibi pia, kwa jina lake na tarehe, angali mzima: nani alimpa nani, na mambo ya magharibi. Hadithi ya familia haithibitishi mwaka, lakini ikiandikwa leo na ikakubaliana na chapa, hakuna mnunuzi mwenye akili atakayeipuuza.

Kabla hujafikiria kuituma nje ya nchi, pita Fort Jesus uwaulize watu wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitoki bila kibali. Mimi naiona saa yako ni ya baada ya hapo kidogo, kwa hoja ya reli. Lakini dubu wale wanaturudisha hadi 1887, kwa hivyo msisafirishe kwa kukisia. Pateni neno lao kwa maandishi.

Liko jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kulipita. Saa hii si yako, wala ya kaka yako. Ni sehemu ya mirathi ya babako. Mama ana thumni yake, sehemu moja ya nane, na kinachobaki ni chenu watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Na ikiwa bibi huyo ni mamake babako, naye ana sudusi yake, sehemu moja ya sita. Hakuna mmoja wenu anayeweza kuiuza peke yake, hata kwa bei nzuri. Wala machozi ya mama hayapingani na sheria: mkipata thamani ya kweli kwa maandishi, yeyote kati yenu anaweza kuichukua kwa kuhesabiwa ndani ya fungu lake, ikabaki nyumbani. Mkishindwa kusikizana, kadhi yupo. Ila msigawane kabla ya kuthaminisha. 3,500 na laki nane zote si thamani, na mgawanyo uliojengwa juu ya mojawapo utawafarakanisha miaka.

Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi, mama mmoja alileta dukani mtambo wa saa ndani ya kipande cha gazeti. Kasha lake lilikuwa limeyeyushwa likafanywa bangili, na mtambo ulikuwa mzuri kuliko wote uliokuwa kwenye meza yetu, unatikisika ukiuinua tu. Alitaka kujua ulikuwa wa nani. Chapa zilizokuwa na jibu zilikuwa zimeingia motoni pamoja na fedha. Fundi wangu aliushika muda mrefu, kisha akamrudishia. Tangu siku hiyo sikubali kasha na mtambo vitenganishwe, na ndiyo sababu nakusihi usiiache saa kwa sonara hata usiku mmoja.

Irudishe katika kitambaa chake cha kilemba, uitie ndani ya mkebe wenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kisha kwanza kabisa, kabla ya fundi na kabla ya Nairobi, shika simu karibu na dirisha la asubuhi, mwanga uingie kwa upande, upige picha ile mikwaruzo ya ndani ya kifuniko, unitumie. Anza na ile iliyofifia zaidi, iliyo karibu na bawaba.